Wakuu, pale kanisani nani hasa alimponya Cloud? (Final Fantasy VII na muvi yake ya Advent Children)

#1 Mtoto wa Ndoro

Wakuu salama. Kuna swali limenikaa miaka na miaka, juzi limeamka tena, nimeona nilete humu maana najua kuna watu wa kusini wenzangu waliocheza Final Fantasy VII na baadaye wakaona ile muvi ya animesheni iliyokuja kuendeleza stori, Advent Children.

Mi niliiona mara ya kwanza Lindi mjini, kibanda umiza kule Ndoro, mabenchi ya mbao, tivii ya chogo, madirisha yamezibwa na magunia ya korosho mwanga usiingie. Kulikuwa na mtafsiri, anakaa pembeni na maiki anatuhadithia hapohapo. Jamaa akasema Cloud, yule shujaa wa stori, karogwa, mkono wake una ukoma wa kutupiwa, yule dada wa maua ni mkewe alikimbia ndoa akajificha kanisani, mwisho wakapatana, akamwogesha maji ya dawa akapona. Kibanda kizima makofi. Nikarudi nyumbani roho nyeupe.

Sasa mwezi uliopita nimeirudia peke yangu usiku, sauti ya Kijapani, maandishi ya Kiingereza chini, nikakuta yule dada Aerith si mke wala hakukimbia, ni marehemu, amekufa tangu kwenye gemu. Na kila rafiki wa Cloud amefunga utepe wa pinki mkono wa kushoto kumkumbuka, kitu ambacho kibandani nilidhani ni sare ya timu.

Swali langu ni hili. Pale kanisani Kadaj, yule adui kijana, anapolipua, maji yanabubujika kutoka chini ya maua, yanamnyeshea Cloud, ule weusi wa mkononi unatoka. Nani kamponya? Maji? Marehemu? Au yeye mwenyewe aliyekubali kujisamehe? Maana ukitazama vizuri jamaa alishaanza kubadilika kabla hata tone moja halijamgusa. Naomba msinijibu ni katuni tu.

#2 Ming'oko Mibichi

Siti ya mbele. Nipo na korosho zangu nasoma komenti.

#3 Fundi Disiki

Mtoa mada umenigusa pabaya. Gemu lenyewe lilitoka Japani tarehe 31 Januari 1997, disiki tatu, PS one. Mtwara tulilipata miaka mingi baadaye kwenye disiki za kuchoma, na mashine yetu pale Chikongola jicho lilikuwa limechoka, ili isome inabidi uigeuze kichwa chini miguu juu, halafu uweke kitabu cha hesabu pembeni isitikisike. Aerith alikufa mwisho wa disiki ya kwanza mikononi mwetu, watoto sita tumekaa chini sakafuni, Sephiroth, adui mkuu, anashuka kutoka juu na lile panga refu na sisi hatuna kitufe cha kubonyeza. Tulidhani tumekosea. Tukazima, tukarudi nyuma kwenye memori kadi, tukampa silaha nzuri zaidi, tukampandisha levo. Akafa tena. Tulirudia mara nne.

Kwa hiyo jibu langu fupi ni Aerith. Tulishindwa kumwokoa yeye, akaja kutuokoa.

#4 Disiki ya Pili

@Fundi Disiki mara nne tu? Sisi Masasi kuna jamaa alisikia kwamba ukimaliza gemu na kila mtu levo 99 anafufuka, akacheza likizo nzima ya Desemba, watu wako shambani wanaokota korosho yeye yupo ndani na pedi. Hakufufuka.

Ila mkuu naomba nikurekebishe. Muvi haikusema wazi kwamba Aerith kamponya. Unaona maji, unaona Cloud anataja jina lake, unaona Kadaj anayaogopa yale maji na kukimbia. Basi. Hayo mengine tunajaza wenyewe.

#5 Nesi wa Zamu

Habari zenu. Mimi sio mcheza gemu sana, mume wangu ndiye, ila hii muvi nimeiona na nina la kusema upande wa ugonjwa maana mnaupita haraka.

Ule ugonjwa, jiostigma, sio laana na sio ukoma. Vincent, mmoja wa rafiki zake Cloud, anauelezea kabisa kule msituni. Kuna kitu kigeni kimeingia mwilini, chembe za yule kiumbe Jenova, na ndani ya kila mtu kuna mkondo kama ule mto wa uhai ulioko ardhini, ule mkondo unapigana na mgeni. Unapigana kupita kiasi mpaka unamuumiza mwenye mwili. Sisi wodini tunaona hivyo kila siku, mtoto kaumwa na nyuki mmoja tu lakini kavimba uso mzima na pumzi inakata, sio sumu ya nyuki inayotaka kumuua, ni mwili wake unavyojibu. Kwa hiyo yale maji yalichofanya ni kumtoa mgeni, vita ikaisha. Wala sioni kwa nini tumlazimishe mtu kujisamehe ndio apone, Denzel ni mtoto mdogo hana kosa lolote na alikuwa nao kwenye paji la uso.

#6 Mtoto wa Ndoro

@Nesi wa Zamu dada ahsante, hiyo ya Denzel imenivuruga. Kweli kama ni kujisamehe, watoto wanajisamehe nini?

#7 Boda wa Magomeni

Mi naongea kama mwenye kazi yake. Cloud pale ni boda jamani. Ana pikipiki yake Fenrir, anapeleka mizigo ya watu, simu inaita hapokei. Hakuna mteja Mtwara hii anavumilia boda asiyepokea simu. Huyo aliponywa na njaa.

#8 Binti Shangani

@Boda wa Magomeni kaka nimecheka lakini hiyo ya simu ndiyo muvi yenyewe kwangu.

Niseme yangu. Kaka yangu alitoka na wenzake kuvua usiku, hawakurudi, dau lilionekana siku ya tatu upande wa Msimbati likiwa tupu. Siku ile jioni alinipigia mara mbili. Nilikuwa nimemkasirikia kwa hela ya ada, nikaacha simu iite. Baadaye akaniachia sauti kwenye WhatsApp. Mpaka leo ipo, sekunde kumi na nane, sijawahi kuifungua, nimebadilisha simu mbili na kila mara namwambia fundi kitu kimoja tu, usinipotezee ile chati.

Sasa kuna sehemu simu ya Cloud inaangukia majini kule kwenye mji uliosahaulika, inazama polepole, na huku inazama zile sauti alizoachiwa na watu zinaendelea kusikika. Nilisimamisha pale nikatoka nje. Alikuwa anazisikiliza siku zote kumbe. Alikuwa hapokei kwa sababu anaona hastahili kupigiwa. Mimi najua hiyo hali, kwa miezi nilikuwa nasikia mama anaita jikoni nanyamaza, si kiburi, ni kwamba unaona ukijibu utaonekana mzima na wewe sio mzima.

Kwa hiyo kwangu waliomponya ni wale waliokuwa wanampigia. Tifa, Marlene, wote. Pale wanapigana na lile dude Bahamut kwenye mnara wa ukumbusho, wanamrusha juu mmoja baada ya mwingine, kila mtu anamshika mkono anamsukuma, wa mwisho kabisa ni mkono wa Aerith. Walio hai walitangulia, marehemu alimalizia.

#9 Ming'oko Mibichi

Pole sana dada. Nimeweka korosho chini.

#10 Mwalimu wa Masasi

Pole Binti Shangani, Mungu amrehemu kaka.

Naongezea kwenye hilo lako. Kuna maneno mawili ya Cloud humo ndani ambayo naona ndiyo funguo. Moja anamuuliza Vincent kama dhambi zinasameheka, Vincent anajibu hajawahi kujaribu. Jingine yuko kwenye maua, Aerith yuko mgongoni kwake, Cloud anasema anataka kusamehewa, na Aerith anamuuliza, na nani? Swali fupi namna hiyo. Maana yake marehemu hana kinyongo, hajui hata anasamehe nini. Ukishaulizwa hivyo anayebaki kukunyima msamaha ni mmoja tu. Kwa hiyo mtoa mada mi nipo upande wako, maji yalikuta kazi imeshafanyika.

#11 Nesi wa Zamu

Mwalimu bado hujanijibu Denzel.

#12 Mmakonde wa Newala

Wakuu mnazunguka sana. Hii kitu sisi Newala tunaielewa bila maandishi ya chini. Lipiko, yule mcheza kinyago wetu, anapotoka kucheza, kwa asiyepita jando pale amekuja mzimu, aliye ndani hana jina tena. Kadaj ni mwili tu wa kuvaliwa, Sephiroth ndiye anayecheza. Na wahenga hawaji bila sababu, wanakuja kuna jambo halijakaa sawa kijijini. Aerith na Sephiroth wote wawili ni marehemu waliorudi, mmoja karudi na ubaya mmoja na wema, ugomvi ni wao, Cloud ni uwanja. Aliyeponya ni mhenga wa upande wake, kwisha habari.

#13 Disiki ya Pili

@Mmakonde wa Newala nimeipenda lakini umegeuza mzee wangu. Kinyago kinavaliwa nje. Kadaj anachukua lile kichwa la Jenova analiingiza mwilini, sura inayotokea nje ni ya Sephiroth. Kwa hiyo Sephiroth ndiye kinyago, mchezaji ni Kadaj. Na ushahidi upo, Cloud akishampiga, Sephiroth anayeyuka, anabaki Kadaj yuleyule hoi kama mtu aliyevuliwa kinyago jua la saa nane, hawezi hata kusimama.

#14 Mmakonde wa Newala

Dah. Kweli. Hapo umenishika. Ila mzimu ni mzimu.

#15 Baharia Msimbati

Kuna kitu mnakisahau, ule ugonjwa ulianzia wapi. Kampuni ya Shinra ilikuwa inanyonya mako ardhini, uhai wa sayari yenyewe, inageuza umeme wa mji. Wenye mji taa zinawaka, wa chini wanaishi kwenye giza la bati la juu. Mi nilicheza hili gemu hapa Mtwara mwaka 2013 kipindi kilekile cha sakata la gesi, mchana mtaani kila kona ni bomba na gesi na nani atafaidi, usiku nawasha gemu nakutana na Barret, mwenzake Cloud, anapiga kelele kuhusu mako. Sikuwa na haja ya mtafsiri.

Kwa hiyo kwangu hakuna mtu aliyemponya Cloud. Ardhi ilijisafisha. Mvua ilinyesha mji mzima, hata wasiomjua Aerith walipona, hata Rufus mwenyewe bosi wa Shinra aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu kajifunika shuka jeupe. Mvua haichagui.

#16 Kivinje Asilia

@Baharia Msimbati mnajisifia gesi kama iligunduliwa kwenu. Songo Songo huku Kilwa imepatikana 1974, Mnazi Bay yenu 1982. Heshima kwa wakubwa.

#17 Baharia Msimbati

Shikamoo Kilwa.

#18 Kivinje Asilia

Marahaba. Na mkitaka Jenova pia yupo Lindi. Wanasayansi wanachimba jitu la kale ardhini wanalibeba kwenda kulisimamisha jumbani kwao, hiyo si Tendaguru? Wajerumani walichimba 1909 mpaka 1913, ile mifupa ya dinosaria imesimama Berlin hadi leo, zaidi ya mita kumi na tatu kwenda juu.

#19 Mwalimu wa Masasi

Tofauti ni kwamba mjusi wetu hakumdhuru mtu. Jenova alitoka angani kama miaka 2000 nyuma, Shinra wakamchimba wakidhani ni wa kale wenyeji wa sayari, wakachukua chembe zake wakawapandikiza watu, ndo akazaliwa balaa Sephiroth. Ila nakubali, kama ile mifupa ingekuwa na mtoto angekuwa anaita Mama kama Kadaj, anaitaka irudi nyumbani.

#20 Shemeji wa Ruangwa

Nimechelewa ila naomba niseme ukweli mchungu. Aliyemponya Cloud ni pesa. Square, kampuni yenye hili gemu, walitengeneza muvi kubwa ya sinema, The Spirits Within, ikatoka 2001, iligharimu dola milioni 137 ikarudisha kama milioni 85, studio yao ya Honolulu ikafungwa. Halafu 2003 wakaungana na Enix, kampuni nyingine ya magemu. Wakatafuta kitu ambacho watu watanunua kwa hakika, wakarudi kwa Cloud. Hiyo hiyo timu ya Sakaguchi iliyopata hasara ndo ikaja na Advent Children mwaka 2006, mashabiki wakalia, wakanunua.

#21 Fundi Disiki

@Shemeji wa Ruangwa umechanganya vitu. Sakaguchi ndiye aliyeongoza The Spirits Within, hapo uko sawa, na hizo hesabu ziko sawa. Ila Advent Children aliongoza Tetsuya Nomura, aliyechora wahusika wa gemu, akisaidiana na Takeshi Nozue, stori akaandika Kazushige Nojima aliyeandika pia gemu. Na 2006 ni Marekani, Japani ilitoka tarehe 14 Septemba 2005. Muziki ni wa Nobuo Uematsu, pale kwaya inapoanza kumwimbia Sephiroth ngozi yangu mpaka leo inasisimka, na nimeisikia mara ngapi sijui.

Halafu kama shida ilikuwa pesa tu mbona ilianza kama kitu kidogo, filamu fupi ya dakika kama ishirini? Ikakua mpaka dakika 101. Mtu anayewaza hesabu tu hakuzi kitu namna hiyo.

#22 Shemeji wa Ruangwa

Sawa nimekubali Nomura. Ila anayewaza hesabu ndo hasa anayekuza, mkuu. Baada ya hapo yakaja magemu ya Dirge of Cerberus 2006 na Crisis Core 2007, toleo refu la muvi 2009, halafu magemu ya Remake 2020 na Rebirth 2024. Huyo Cloud kama alipona mbona hawamwachi apumzike?

#23 Binti Shangani

Kwa sababu na sisi hatujamwacha. Mtoa mada kaleta swali hili humu mwenyewe, hakulipwa na kampuni.

#24 Disiki ya Pili

Naombeni kidogo na mi nilete nadharia yangu, najua mtanitukana. Cloud alikufa. Baada ya Kadaj kuondoka, Yazoo, mmoja wa ndugu wawili wa Kadaj, anampiga risasi Cloud mgongoni, kisha Yazoo na mwenzake Loz wanajilipua naye, mlipuko ule hatoki mtu. Kinachofuata ni weupe mtupu, Aerith na Zack, rafiki wa zamani wa Cloud, wako pale, wote marehemu, wanaongea naye kama wanamtania. Halafu ghafla anafumbua macho kanisani ndani ya maji na watoto wamemzunguka, kila mtu anatabasamu, hana hata mkwaruzo. Mnaona hilo ni la duniani?

#25 Mtoto wa Ndoro

Hapana hapana usiniharibie.

#26 Mwalimu wa Masasi

@Disiki ya Pili hiyo chai. Akiwa na wale wawili wanamrudisha, wanamwambia hapa hana nafasi. Aerith mwenyewe anatania kwamba mtoto mkubwa hivi hawezi kumlea. Marehemu wamemfukuza mlangoni, huyo yupo hai.

Na mwisho kabisa anawaona Aerith na Zack wakitoka mlango wa kanisa wanaingia kwenye mwanga, yeye anabaki ndani na watu wake. Angekuwa amekufa angetoka nao.

#27 Disiki ya Pili

Mwalimu hapo kwenye mlango nakuachia. Kwenye mlipuko bado.

#28 Ming'oko Mibichi

Swali la pembeni, ni Aeris au Aerith? Gemu langu la zamani lilikuwa linaandika Aeris na nilimpigania shuleni mpaka nikachapwa.

#29 Fundi Disiki

Gemu la Kiingereza la 1997 lilitafsiriwa Aeris, muvi na yaliyofuata yote Aerith. Hukukosea, ulichapwa bure.

#30 Njomba Mchinga

Wakuu, nimesoma uzi wote toka juu nikawa najiuliza niseme au ninyamaze. Mtoa mada, kile kibanda chenye magunia ya korosho madirishani nakijua. Yule mtafsiri ni mjomba wangu. Yupo Mchinga, mzima wa afya, ana shamba la ufuta.

Nimempigia simu leo jioni nikamsomea maneno yako. Kanyamaza kidogo, halafu kaniambia hivi. Ile disiki ililetwa na dereva wa basi kutoka Dar, haikuwa na maandishi ya Kiingereza, Kijapani kitupu. Mwenye kibanda alishabandika tangazo la jioni. Mjomba akaichukua kwake usiku wa kuamkia siku hiyo, akaiangalia mara mbili peke yake kwa tivii ndogo, akisimamisha na kurudisha, kutafuta nani ni nani kwa macho tu. Anasema nilimwona mwanamke yuko kwenye mwanga mweupe, mwanamume hathubutu kugeuka kumtazama, nikajua huyu kuna kitu alimkosea. Nikasema ni mke. Halafu maji yakatoka chini ya yale maua aliyokuwa anayapanda yeye, nikajua maji ni ya kwake.

Anakuomba radhi kwa ukoma. Hilo anasema alikosea.

#31 Mtoto wa Ndoro

Aisee njomba. Mwambie namwamkia. Mwambie hakunikosea.

Sasa nawaza, mtu hajui Kijapani, hajacheza gemu, kaona mara mbili kwa tivii ndogo, kafika palepale alipofika Mwalimu na Binti Shangani. Kwamba jamaa kuna mtu anaona kamkosea na hathubutu kugeuka.

#32 Nesi wa Zamu

Na mimi nimeguswa. Ila bado Denzel hamjanijibu nyie watu.

#33 Boda wa Magomeni

Dada huchoki!

#34 Baharia Msimbati

@Nesi wa Zamu Denzel anajibiwa na mvua yangu.

#35 Nesi wa Zamu

Mvua yako ilinyesha na Denzel hakupona. Karudie. Amefika kanisani bado anao, anasimama pembeni ya yale maji anaogopa kuingia, Cloud anamwambia aje yuko naye hapa, anamshika, anachota maji kwa kiganja anammwagia kichwani taratibu. Ndio weusi unaondoka pajini.

#36 Mwalimu wa Masasi

Ngoja. Sasa hapo maji ni ya Aerith, mkono ni wa Cloud.

#37 Fundi Disiki

Nimeenda kuangalia sasa hivi, nina toleo refu la 2009, dakika 126, lina mambo ya Denzel mengi zaidi, na Sephiroth anamchoma Cloud vibaya kuliko toleo la kwanza. Nesi yuko sahihi, Denzel anapona mikononi mwa Cloud, na watoto wengine wanasubiri ndipo wanarukia majini.

Nilichokiona leo ambacho sikuwahi kukiona, Denzel kabla hajaingia anawaangalia watu wazima usoni mmoja mmoja. Anatafuta ruhusa.

#38 Mmakonde wa Newala

Mhenga hamponyi mtu moja kwa moja, anapitisha kwa mtu. Nilisema mapema.

#39 Disiki ya Pili

Hukusema hilo mzee wangu, ulisema Cloud ni uwanja.

#40 Mmakonde wa Newala

Uwanja nao una mikono.

#41 Njomba Mchinga

Mjomba anauliza kama inawezekana kuiona tena yenye maandishi. Macho yake hayasomi vizuri sasa, Kiingereza pia kidogo, inabidi awepo wa kumsomea.

#42 Fundi Disiki

Nitaweka toleo refu kwenye flashi, Jumamosi nakuja Lindi na mzigo wa redio, mtu anipokee stendi. Tivii ipo?

#43 Mtoto wa Ndoro

Ipo kwangu, flati skrini, na betri ya sola umeme ukikata. Mjomba aje na nauli yake nitarudisha mimi. Maiki sina ila atakaa pembeni palepale, na safari hii mimi ndiye nitakayesoma.

#44 Binti Shangani

Mtoa mada mkifika pale simu inapozama, msimwambie ni sauti za nani. Acheni aseme yeye kwanza anavyoona. Halafu uje uniandikie hapa alichosema.